Likizo Kigoma na wakwe na watoto wadogo: niwapeleke wapi? Naombeni ushauri

MamaWatatu (Jumatatu, saa 3:40 usiku)
Salaam wana Kigoma, na wengine habari za usiku.

Tunaishi Dodoma, tumekuja likizo kwa wazazi wa mume wangu, Ujiji. Watoto ni watatu: wa kwanza miaka saba, wa kati minne, wa mwisho ana mwaka na miezi mitatu na ndiyo kwanza kajua kukimbia. Wakwe wanataka tutoke nao siku moja kabla hatujaondoka. Mama mkwe magoti yanamsumbua, mlima hapandi na mkekani hakai. Baba mkwe ana miaka 74 ila yuko imara kuliko mimi, kafanya kazi bandarini miaka mingi. Kila asubuhi yuko barazani na gazeti lake, jioni anatembea kwa miguu mpaka sokoni na kurudi.

Nitajieni sehemu ya kushinda kutwa, tule, watoto wacheze, wazee wapumzike. Pawe na kivuli na choo cha kueleweka, na bei isiwe ya watalii. Matusi kaeni nayo, nina mawazo ya kutosha.

Mgebuka Mkavu (saa 3:46 usiku)
Kivuli, choo cha kueleweka na bei nafuu, vyote sehemu moja? Dada, hapo umeelezea sebuleni kwenu.

Kaka wa Katonga (saa 3:58 usiku)
Karibuni huku kwetu. Ufukwe wa Jakobsen ni karibu tu na mjini, mchanga safi, maji unaona mpaka vidole vya miguu, miti ipo. Kiingilio kipo, ulizia kabla. Muhimu nendeni asubuhi. Miezi hii ya kiangazi upepo wa kusini ukiamka mchana ziwa linabadilika sura, usije ukaanza kuogesha watoto saa tisa.

Mwali wa Mwandiga (saa 4:05 usiku)
Mtu afike Kigoma asiende Gombe? Shukeni Kibirizi mpande boti mkaone sokwe. Hata Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipokuja mara ya kwanza, Julai 1960, alikuja na mama yake mzazi, kwa sababu wakubwa wa wakati ule walikataa mwanamke kukaa kule peke yake. Kwa hiyo kwenda Gombe na wazazi ni jambo la tangu enzi.

Mzee wa Reli (saa 4:31 usiku)
Wapelekeni watoto stesheni ya Kigoma wakaone mwisho wa reli ya kati, halafu mteremke bandarini babu yao awasimulie habari za Liemba. Meli ile Wajerumani waliiunda kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, ikaja mpaka hapa ikaungwa upya. 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, ili Waingereza na Wabelgiji wasije kuichukua. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Mimi niliipanda 1986 kwenda Kasanga na mbuzi wawili wa mahari. Mmoja alijifungua karibu na Kipili. Nilipofika wakwe wakasema huyo wa tatu naye ni wao. Nikasema wa tatu kapandia njiani, hakuwemo kwenye makubaliano. Tulibishana siku nne.

Mgebuka Mkavu (saa 4:33 usiku)
Mzee usikatishe. Mbuzi alibaki wapi?

MamaWatatu (saa 4:50 usiku)
Asanteni. Jakobsen nimepasikia, ila si ni kwenye maji kabisa? Na bandarini pale, kuna sehemu yenye uzio? Pia naulizia sehemu ambayo si lazima mzee abaki na watoto peke yake hata dakika mbili.

Nesi Mstaafu (Jumanne, saa 12:15 asubuhi)
Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Uko Kigoma, mji wote umeinama ziwani, na wewe kila ukitajiwa mahali unaulizia maji. Halafu hilo la mwisho umelipenyeza kama vile halina uzito. Mkweo yuko imara, anatembea mpaka sokoni, kwa nini asibaki na wajukuu dakika mbili? Ushauri mzuri hautoki kwenye maelezo nusu.

MamaWatatu (saa 1:20 asubuhi)
Hakuna kitu mama, ni tahadhari tu. Watoto ni watundu.

Nesi Mstaafu (saa 1:24 asubuhi)
Haya.

MamaWatatu (saa 2:55 asubuhi)
Sawa, nasema, na mnihifadhie.

Mwaka jana mwezi wa saba tulikuja hivi hivi. Tukaenda ufukweni, pahali pa kawaida tu, pasipo na kiingilio. Mume akarudi na gari kumfuata wifi. Mimi na mama mkwe tukasogea kununua mihogo ya kuchoma, si mbali, nilikuwa nawaona. Mdogo nilikuwa nimembeba. Mzee kakaa kwenye kiti cha plastiki, uso kautazamisha ziwani, wa kati anachota maji na kopo mbele yake, hatua tano tu. Nikageuka kulipa. Niliporudisha macho nikaona kopo linaelea.

Hakulia, hakupiga kelele, hakuna kitu nilichosikia. Mvuvi mmoja ndiye aliyekimbia akamvuta mkono, maji yalikuwa yameshampita kidevu. Akatapika kidogo, akapumua, akaanza kudai kopo lake. Mzee bado amekaa. Bado anatazama pale pale. Akaniuliza, "Kuna nini?"

Baadaye akaniambia, "Mwanangu, mtoto hajambo. Tusiwatie watu presha." Nami sikuwaambia watu. Mama mkwe anajua mtoto aliteleza. Mume hajui kabisa.

Mtumishi77 (saa 3:10 asubuhi)
Mke anayemficha mumewe jambo la mtoto wao amevunja nyumba kabla haijabomoka. Ndoa za siku hizi ni simu na picha tu. Zamani mama hakuwa anamwacha mtoto afuate mihogo.

Mwali wa Mwandiga (saa 3:14 asubuhi)
Zamani gani hiyo? Mama yangu alituacha na jirani akaenda Burundi kuuza mawese wiki nzima. Pole sana dada. Mimi mwili umenisisimka hapo kwenye kopo.

Kaka wa Katonga (saa 3:30 asubuhi)
Kama ni hivyo achana na maji mwaka huu. Ujiji kwenu kuna makumbusho ya Livingstone, miembe mikubwa, mnakaa kivulini, na maji yako mbali kidogo.

MamaWatatu (saa 3:52 asubuhi)
Tatizo boti ya Gombe tumeshalipia nusu. Mume kalipa Jumapili, elfu themanini, na mzee kashawatangazia majirani wote. Nimepanga kumchukua binti wa jirani, kazi yake iwe kumshika wa kati mkono mwanzo mwisho. Nitasema namleta kwa ajili ya kubeba mizigo. Hivyo hakuna atakayejisikia vibaya. Naona inatosha.

Nesi Mstaafu (saa 4:08 asubuhi)
Sasa ulikuwa unaomba ushauri wa nini, kama tiketi unayo?

Gombe watoto wadogo hawaruhusiwi kufuata sokwe, kuna umri wamepanga, waulizeni hifadhi wenyewe. Mwenye mafua au kikohozi pia haruhusiwi, maana magonjwa yetu yanawamaliza wale wanyama. Njia ni za kupanda na kushuka, hayo magoti ya bibi yatafanya nini? Mtakwenda saa nyingi majini kwenda kukaa ufukweni kule kule. Na boti hiyo ina maboya ya kuvaa ya saizi ya mtoto wa mwaka mmoja? Ya wakubwa hayamfai, anachomoka kwa chini.

MamaWatatu (saa 4:15 asubuhi)
Mwenye boti kasema maboya yapo. Ya saizi gani sikuuliza. Lakini mama, nikikataa safari leo nitaulizwa sababu, na sababu ni hiyo. Nitakuwa nimemchongea mkwe wangu kwa mwanawe. Nyie hamjui mzee huyu alivyonipokea.

Kaka wa Katonga (saa 5:02 asubuhi)
Samahani wakuu, mimi hapa nanusa chai.

Moja. Tangu 2024 ziwa Tanganyika linafungwa, 15 Mei mpaka 15 Agosti, hakuna kuvua, sisi watu wa Katonga tunaijua hiyo miezi kwa njaa yake. Dada kasema mwezi wa saba. Mvuvi katoka wapi, kavua nini?

Mbili. Mzee kakaa hatua tano, anatazama kabisa, halafu haoni mtoto anazama. Mzee huyo huyo posti ya kwanza anasoma gazeti kila asubuhi. Herufi za gazeti anaziona, mtoto mzima hamuoni? Ama alilala, ama hadithi imetungwa. Chagua.

Mgebuka Mkavu (saa 5:04 asubuhi)
Naomba yangu iwe ya tangawizi.

Mtumishi77 (saa 5:10 asubuhi)
Nilijua tangu mwanzo.

Mwali wa Mwandiga (saa 5:15 asubuhi)
Mtumishi hukujua, uliandika mahubiri mazima.

Mzee wa Reli (saa 6:40 mchana)
Mbuzi alibaki kwa wakwe. Mpaka leo wana uzao wake.

Kaka wa Katonga (saa 12:30 jioni)
Mleta uzi kapotea. Nilisema.

MamaWatatu (Alhamisi, saa 4:20 usiku)
Nipo. Sikuwa na nguvu za kujibu.

Mvuvi kwanza. Ziwa lilikuwa limefungwa, ndiyo sababu alikuwepo nchi kavu. Alikuwa kaupindua mtumbwi wake anaziba nyufa kwa pamba. Mpaka leo nakumbuka mkono uliomvuta mwanangu ulivyokuwa umechafuka mafuta, fulana ya mtoto haikutakata tena. Ukitaka kuiona nitakutafutia, ninayo.

La gazeti ndilo limeninyima usingizi. Kaka, nilikukasirikia, halafu nikakaa nikajiuliza: hivi nimewahi kumuona akisoma? Jana asubuhi nikajifanya nafagia baraza. Gazeti kashika yeye. Kamwita wa kwanza: "Njoo nione kama shule wanawafundisha kitu." Mtoto anasoma, yeye kainamisha kichwa anasikiliza, mtoto akikosea jina la waziri anamrekebisha. Ukurasa ukiisha anaufunua yeye. Nikamuuliza mtoto pembeni, babu husoma mwenyewe saa ngapi? Kasema, "Babu hasomi, ananipima tu. Kila tukija ananipima." Tukiwa hatupo, mama mkwe anasema humpima kijana wa duka la jirani.

Nesi Mstaafu (saa 4:41 usiku)
Ahsante kwa kurudi.

Niambie haya. Akijimiminia chai anaingiza kidole kikombeni kupima ilipofika? Akishuka ngazi anatanguliza mguu unapapasa? Usiku taa za magari zinamsumbua? Ukipita mbele yake kimya anakuita jina, au anangoja umsalimie kwanza?

MamaWatatu (saa 4:46 usiku)
Kidole, ndiyo. Nilidhani ni tabia ya uzee. Salamu, kila siku mimi ndiye naanza, na nilikuwa naona ni heshima yangu kuanza. Anatembea sokoni lakini njia ni ile ile miaka arobaini.

Nesi Mstaafu (saa 5:00 usiku)
Yawezekana ni mtoto wa jicho. Lenzi ya ndani ya jicho inaingia ukungu pole pole, mtu anazoea, wa nyumbani wanazoea. Penye mwanga mkali ni pabaya zaidi, na ziwa saa sita mchana ni kioo kitupu. Mtu wa namna hiyo umweke hatua tano, anaona mng'ao tu. Alikuwa anamtazama mjukuu wake kweli, hakudanganya. Ila mimi simuoni, inaweza kuwa kisukari, inaweza kuwa presha ya macho, apimwe na mtaalamu wa macho. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi, wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Na wewe ujue: mtoto anayezama hapigi kelele. Hilo la kutosikia kitu lisikutese. Ila mtoto wa miaka minne karibu na maji anakaa kwa umbali wa mkono wa mtu mzima anayeona. Binti wa mizigo hajaambiwa anachungwa nini, atashika simu.

Mtumishi77 (saa 5:08 usiku)
Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kaka wa Katonga (saa 5:20 usiku)
Chai naifuta. Kalafati, huko kuziba nyufa za mtumbwi, nimeikubali, mtu wa bara hawezi kuitunga hiyo. Fulana sihitaji kuiona.

MamaWatatu (Jumapili, saa 2:10 usiku)
Nawapa mrejesho, maana mlinikalia kooni.

Gombe hatukwenda. Nilitumia magoti ya mama mkwe, na yeye akanisaidia bila kumuomba, akaanza kuchechemea tangu Ijumaa. Tumeshinda leo Ujiji kwenye makumbusho. Kiti kikapatikana, chakula tulibeba, ugali wa muhogo na kuku wa mawese, dagaa bei yake sasa hivi haisemeki. Mwembe wenyewe walipokutana Stanley na Livingstone ulishakufa, iliyopo wanasema ni vipandikizi vyake. Wa kwanza akamsomea babu yake kibao. Kiingereza kilimshinda, akaambulia 1871 na yale majina mawili. Mzee akanyoosha mkono akapapasa maandishi kwa vidole, taratibu, mstari kwa mstari. Mume wangu alikuwa kasimama nyuma yake na ndizi mkononi. Hakuimenya.

Njiani akaniuliza, "Baba haoni?" Nikamwambia. Jumanne wanakwenda hospitali, wawili tu, mzee kakubali kwa sharti asishikwe mkono barabarani.

La ufukweni sijamwambia bado. Najua mtasema. Nitamwambia mzee akishapimwa, niwe na kitu cha kushika.

Nesi Mstaafu (saa 2:19 usiku)
Mwambie kabla hawajafika kwa daktari. Mzee ataulizwa tangu lini, na atajibu uongo.

MamaWatatu (saa 2:30 usiku)
Kesho basi. Watoto wakilala.

Mgebuka Mkavu (saa 2:34 usiku)
Hiyo boti mliyolipia nusu, nusu iliyobaki ni shilingi ngapi? Nauliza kwa niaba ya rafiki, hana watoto wala magoti.