Mrejesho: Jiliwa ya kushikia fremu ya baiskeli, Tabora

Niliuliza nishike fremu na nini wakati wa kufunga ekseli ya pedeli, bila fremu kubonyea. Wengi mlisema jiliwa (kibano cha chuma cha mezani) na vipande vya mbao. Imekubali.

Nimetumia mninga uliokauka, kipande cha sentimita 10 kwa 8, unene 5. Bomba la siti lilipimwa kwa kalipa likatoa milimita 28.6, basi tobo likawa 30, ndipo kipande kikapasuliwa katikati ya tobo kwa msumeno. Unga wa mbao unaoondoka na msumeno ndio unaoacha nafasi ya kukaza. Ndani nimebandika mpira wa tyubu kuukuu. Bila mpira, fremu yenye rangi inateleza, unakaza zaidi, bomba linaingia ndani. Likishabonyea ndiyo basi tena.

Kufungua kikombe cha upande wa mnyororo, kile kinachoshika gololi za ekseli, ni habari nyingine. Nyuzi zake ni za kushoto (hufunguka kwa kufuata saa) kwenye fremu nyingi za mizigo, na spana inaruka. Hapo mbao weka kando: laza fremu, bana kingo bapa za kikombe kwenye meno ya jiliwa, kisha zungusha fremu yenyewe kufuata saa, ukitazama toka juu. Mafuta ya taa usiku kucha kwanza.