Hati ya baraza kabla ya talaka, iendelee kuwa lazima kwa kila mtu?

Mleta mada:
Wadau habari zenu. Naleta hii mada kwasababu watu wengi wanadhani kesi ya talaka inaanzia mahakamani, kumbe kwa Tanzania bara haianzii huko. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 101 inasema huwezi kufungua shauri la talaka mpaka mgogoro wenu uwe umepita kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, na baraza liandike kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza linaweza kuwa la kata, au la Bakwata (baraza kuu la Waislamu), au la kanisa. Ukipewa hati ndo unaenda mahakamani, na usikae nayo, ikipita miezi 6 tangu itolewe haifungui kesi tena.

Msimamo wangu ni huu: kwa wanaogombana mambo ya kawaida baraza libaki, ila kwa anayepigwa hii lazima iondolewe kabisa. Fikiria mtu ana PF3 (ile fomu ya polisi ya kwenda kutibiwa), ameripoti dawati la jinsia pale polisi, hospitali wameandika majeraha, halafu anaambiwa aende akakae meza moja na aliyempiga aeleze "tatizo la ndoa yake" mbele ya wajumbe ambao pengine wanakunywa chai na mume kila asubuhi. Na wakili haruhusiwi kumsimamia pale. Akitoka hapo anarudi kulala wapi? Nyumba ileile.

Najua mtu atasema sheria imeweka milango ya kutokea. Ni kweli ipo. Kama mwenzako amekutelekeza na hujui aliko huhitaji baraza, kama yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, kama ameitwa barazani akakataa makusudi, kama amefungwa maisha au miaka 5 na kuendelea, kama ana ugonjwa wa akili usiopona, na ya mwisho ni pale mahakama ikiridhika kuna mazingira ya kipekee yanayofanya kwenda barazani isiwezekane. Sasa kipigo hakijatajwa popote hapo. Inabidi ukibane kwenye hiyo ya mwisho, uombe, na hakimu aridhike. Mama asiye na wakili atajuaje kuomba kitu kama hicho? Karibuni.

Mdau wa kwanza:
Mkuu mi ni mjumbe wa baraza la kata kwa hiyo naongea ninachokiona. Mnatusema vibaya sana humu. Watu wengi wanaokuja pale hawataki talaka, wanataka mtu wa kumwambia mwenzao ukweli mbele ya mashahidi. Unakuta mume hatoi matumizi, mke amemshtaki kwa wazazi wa pande zote imeshindikana, akija barazani akaulizwa na watu asiowajua vizuri anaona aibu anabadilika, na wengine tunakutana nao baadae wako pamoja wanashukuru. Ungewapeleka moja kwa moja mahakamani hao, kila mmoja angeandika mabaya ya mwenzake kwenye karatasi na hayo hayafutiki, watoto watakuja kuyasoma.

Halafu gharama. Kwetu mtu anakuja anajieleza kwa Kiswahili chake anasikilizwa, hahitaji kumlipa mtu amuandikie. Kukataza mawakili ni makusudi maana wakiingia mnaanza kubishania vifungu wakati watu walikuja kuongea.

Kuhusu kipigo nakubali kuna mabaraza yanasema "kavumilie". Ila hilo ni kosa la wajumbe, wafundishwe. Sio sababu ya kuondoa utaratibu.

Mdau wa pili:
Mjumbe samahani lakini nitakujibu kwa yaliyomkuta dada yangu maana naona unaongelea baraza lililonyooka. Yeye aliitwa, wakakaa, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili, akarudi akaambiwa mume ameomba muda, akaambiwa tena arudi. Hati akaja kuipata baada ya kulia sana. Akafungua mahakama ya mwanzo, akashinda, mali zikagawanywa, mume akakata rufaa na mawakili wake hawakugusa hata kidogo habari ya vipigo, walishika ile hati tu. Eti haina maelezo kwamba baraza lilijaribu kusuluhisha likashindwa, imeandikwa tu kama barua ya utambulisho. Kesi nzima ikafutwa akaambiwa aanze upya. Yaani kosa la aliyeandika hati, adhabu kabeba dada.

Na sio yeye peke yake, mpaka Mahakama ya Rufani imeshafuta mienendo ya mashauri ya talaka kwasababu hati ya baraza haikuwa halali. Kwahiyo hii karatasi mnayoiona ndogo ndo msingi wa kesi yote. Sasa mnawapa kazi hiyo watu wasiofundishwa kuiandika, inaingia akilini kweli?

Mdau wa tatu:
Mi naomba niingize upande wa Waislamu maana hapa kuna shida kubwa na haisemwi. Mume anaandika talaka kwenye karatasi anampa mkewe, familia inajua, sheikh anajua, mke anakaa eda anarudi kwao, kila mtu anaona imeisha. Kidini sibishani. Ila kiserikali amri ya talaka anaitoa mahakama, na bila hiyo amri, au amri ya mahakama ya kutengana, huwezi kupata mgao wa mali chini ya kifungu cha 114. Kifungu cha 107(3) kimeeleza utaratibu wake, baraza lithibitishe kwanza limeshindwa kuwapatanisha, HALAFU ndo talaka itolewe kidini, kisha mahakama ione hayo mawili na kutoa amri. Wengi wanafanya kinyume, talaka kwanza, baraza baadae sana ndo wanakumbuka wakianza kugombania nyumba. Na hapo hati inapata kasoro maana baraza litapatanisha nini wakati mtu keshaacha?

Kwahiyo mleta mada, kwa upande wetu baraza lina faida, linamzuia mtu kuandika talaka kwa hasira usiku asubuhi anajuta. Lakini elimu hakuna kabisa, hata wanaofungisha ndoa hawawaambii watu. (Hii naongelea bara tu, Zanzibar Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki, kule ni Mahakama ya Kadhi.)

Mleta mada:
Asanteni sana. Mjumbe nimekuelewa na naheshimu kazi yako, ila hujajibu swali langu. Wajumbe wakifundishwa vizuri kabisa, bado unamkalisha anayepigwa na anayempiga, na kila siku anayosubiri hati ni siku ya hatari kwake. Usuluhishi unataka watu wawili wanaoweza kusema bila kuogopana. Huyu hata akiulizwa "unasamehe?" atasema ndio, kwasababu anajua wakifika nyumbani itakuwaje, nyie mtaandika wamepatana.

Napendekeza sheria iongeze kwenye orodha ile ya misamaha mstari mmoja tu, kwamba anayelalamikia ukatili na ana ripoti ya polisi au ya daktari aende mahakamani moja kwa moja. Ukatili wenyewe tayari kifungu cha 107 kinautambua kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, sawa na uzinzi na kutelekezwa miaka 3. Sasa kama mahakama inaupokea kama sababu ya kuvunja ndoa, kwanini usitoshe kumvusha mtu barazani?

Mdau wa nne:
Naunga mkono ila naogopa kitu kimoja, watu watatunga. Mtu anataka talaka haraka anaenda polisi anasema amepigwa anachukua PF3. Tumeona kwenye kesi nyingine.

Pia mbona hamuongelei kutengana? Sheria inaruhusu kuomba mahakama amri ya kutengana bila talaka, mnaishi mbalimbali kisheria, mahakama inaweza kuamua matunzo na watoto wakae na nani, ila ndoa inabaki kwahiyo mwanamke hawezi kuolewa kwingine. Kwa mtu ambaye dini yake haikubali talaka hiyo ndo njia. Na kwa ndoa changa ambayo haijafika miaka 2 inasaidia, maana kufungua talaka kabla ya miaka 2 lazima kwanza uombe kibali cha mahakama uonyeshe unapata mateso yasiyo ya kawaida.

Mdau wa pili:
Watatunga ndio, na hakimu yupo kazi yake kuchuja uongo, ndo maana kuna kiapo na kuhojiwa. Mbona hatufuti kesi za wizi eti kuna wanaosingizia? Na kumbuka ukivuka baraza hujapewa talaka bado, unakuwa umepewa nafasi ya kusikilizwa tu, ushahidi utautoa palepale.

Mdau wa kwanza:
Sawa, kwenye ukatili wenye ripoti nakubali waende moja kwa moja, mi mwenyewe zile kesi huwa zinanilaza macho. Lakini msiishie hapo, wapeni wajumbe nakala ya fomu iliyojazwa sawasawa ibandikwe ukutani kila kata, waone mahali pa kuandika baraza lilifanya nini na likashindwa vipi. Kwetu mimi nimeinakili kwa mkono kutoka kwa katibu wa kata jirani, hakuna aliyenipa.

Mleta mada:
Mjumbe hiyo ya fomu naichukua. Kama kuna mdau anafanya kazi mahakama ya mwanzo atuambie wakikuta hati mbovu pale masjala wanaikataa siku hiyohiyo au wanaipokea tu, maana dada wa huyu mdau angerudishwa mapema asingepoteza muda wote ule.