Hivi altrasaundi inaweza kujua kama utajifungua kabla ya wakati?

mama_nuru: Habari zenu wapendwa. Nina mimba ya wiki 20, mtoto wangu wa kwanza alizaliwa njiti wiki ya 31, sasa leo kliniki daktari kaniambia anataka kunipima urefu wa shingo ya kizazi, tena sio ile altrasaundi ya tumboni niliyoizoea, ni ya kupitia ukeni. Kwa kweli nimeogopa. Haiwezi kuanzisha uchungu hiyo? Na kinajua kweli au ni kubahatisha, maana mimba ya kwanza kila nikipimwa naambiwa mtoto yuko vizuri, mapigo sawa, maji yapo, halafu ghafla usiku chupa ikapasuka, basi.

fundi_picha: Pole dada. Mimi kazi yangu ndo hiyo ya altrasaundi. Zile za mwanzo zilikuwa zinamwangalia mtoto, na mtoto anaweza kuwa mzima kabisa huku shingo inafupika kimyakimya, wala haiumi. Kile kifaa kinavalishwa kondomu na kupakwa jeli, kinaishia ukeni, hakiingii kwenye shingo na hakianzishi uchungu.

Kitu kimoja, hakikisha umekojoa kwanza. Kibofu kikijaa kinaibana shingo inaonekana ndefu kuliko ilivyo, mtu anarudi nyumbani na majibu mazuri ya uongo, na mpimaji akikandamiza sana kifaa ni hivyohivyo. Mpimaji mzuri hana haraka, anapima kama mara tatu anachukua iliyo fupi kuliko zote, maana tumbo likibana kidogo tu unaona kwenye skrini mlango wa ndani unaachia. Kwa wiki zako wengi wanakuwa na milimita 35 hadi 40 hivi. Kuanzia 25 kushuka ndo tunaita fupi.

bibie_k: Mimi nilikutwa na shingo fupi nikapewa projesteroni, ile homoni ya kutunza mimba, kidonge cha kuweka ukeni kila usiku, nikafika wiki 38. Ila mjiandae, asubuhi inachuruzika balaa, vaa pedi 😅

mzee_wa_hoja: Mi naona hiki kipimo kinatisha watu bure. Wifi yangu aliambiwa fupi, akalazwa kitandani miezi na miezi kuinuka haruhusiwi, mwisho wa siku kajifungua wiki 40 tena kwa kuanzishiwa uchungu!

fundi_picha: Mzee nusu uko sahihi. Wengi wenye shingo fupi wanafika salama, na wapo wenye ndefu wanaojifungua mapema kwa sababu ya maambukizi, presha au mapacha. Kipimo kinasema hatari imepanda, tarehe hakisemi. Lakini hiyo ya kulala kitandani isiwe hoja dhidi ya kipimo, kulala hakujaonekana kuzuia chochote na kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni, yani huyo wifi kateswa tu.

Faida iko kwenye hatua zinazofuata. Kwa mtu kama mama_nuru aliyewahi kupata njiti, shingo ikishuka chini ya 25 kabla ya wiki 24 daktari anaweza kuishona, uzi unatolewa wiki ya 36 au 37. Na ukijulikana uko kwenye hatari, uchungu ukianza kabla ya wiki 34 unawahi sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, zile zinataka zitangulie kama siku nzima ndo zifanye kazi vizuri, sasa mtu akija anasukuma utamsaidia nini?

mama_nuru: Asanteni jamani. Nimepimwa, imesoma 31, kweli haikuuma na nilikojoa kwanza hahaa. Kasema nirudi baada ya wiki mbili kuangalia kama inashuka. Hivi kama imesoma 31 hiyo kurudi ina haja?

fundi_picha: Rudi. Leo 31 ni nzuri ila kwa historia yako tunachotaka kuona ni inavyokwenda mpaka wiki 24. Na maji yakitoka, damu, au tumbo likawa linabana na kuachia kwa mpangilio, usingoje hiyo tarehe, nenda hospitali hapohapo hata kama ni usiku.

bibie_k: Na nenda na pedi 😂