Kioo kipya cha pembeni cha motahomu, na redio imeacha kushika stesheni

MsafiriWaUsiku

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada wa kweli maana nimeshaambiwa ninunue redio mpya na moyo wangu unakataa.

Nina motahomu, yaani gari lenye nyumba ya kulala na kupikia nyuma, iliyojengwa juu ya Fiat Ducato, lile umbo lililoanza kutoka 2006. Nyumba yake ni ya fiberglasi, na juu ya kebini kuna kile kichwa kinachotokeza mbele, ndimo tunamolala mimi na mke wangu. Wiki 3 zilizopita nilimpisha lori kwenye njia nyembamba, nikasogea sana pembeni, kioo cha upande wa abiria kikagonga nguzo. Mkono ukavunjika katikati, glasi yote chini.

Nikanunua kioo kizima, pamoja na nyumba yake (kasha la plastiki) na mkono wake. Muuzaji aliuliza swali moja tu: mkono mfupi au mrefu? Nikasema mrefu, kwa sababu kebini ina upana wa mita 2.05 na nyumba yangu nyuma ni mita 2.30. Kwa mkono mfupi ningekuwa naangalia ukuta wangu mwenyewe. Fundi alikifunga chini ya saa moja. Kinasogea kwa swichi, kinapasha moto, indiketa inawaka. Sina lawama hapo.

Tatizo ni redio. Tangu siku ile FM inakwaruza tupu. Nikiwa karibu kabisa na mnara napata stesheni 1 au 2, nazo kwa mbali, kama mtu anaongea ndani ya pipa. Muziki wa USB unapiga vizuri sana, spika zote nzima. Nimeangalia fyuzi, nimechomoa redio na kubana plagi zote nyuma. Hakuna mabadiliko. Aliyeiangalia kasema mtikisiko wa kugonga nguzo umeua redio.

Mimi nasafiri sana usiku na redio ndiyo inayoniweka macho: taarifa ya habari, mpira, watu wanaopiga simu studio. Orodha ya nyimbo zangu mwenyewe haiwezi kufanya kazi hiyo. Nianzie wapi kabla sijatoa hela?

La pili, dogo: nikifika kilomita 80 kwa saa glasi ya kioo kipya inatetemeka, taa za gari la nyuma zinakuwa mistari. Hata kile kipimo cha joto la nje kwenye dashibodi kinaonyesha vistari viwili siku hizi, ila hicho nitakishughulikia baadaye.

Fundi_Waya

Mkuu, usikiache kipimo cha joto kwa baadaye. Hicho ndicho kinachokuambia redio yako imepatwa na nini.

Kwenye gari lako kihisi cha joto la nje kinakaa chini ya nyumba ya kioo cha pembeni, mahali penye upepo, mbali na joto la injini. Na antena ya redio nayo, kwa motahomu nyingi za Ducato na ndugu zake Peugeot Boxer na Citroën Jumper, imo humo humo ndani ya kioo. Ndiyo maana huoni fimbo yoyote juu ya paa. Vitu viwili vimekufa siku moja, na vyote viwili vinaishi ndani ya kitu kimoja ulichobadilisha. Redio ni nzima mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Vioo hivi vinafanana sana kwa nje. Kuna chenye antena na kisicho nayo, chenye kihisi na kisicho nacho. Muuzaji alikuuliza urefu wa mkono, hayo mengine hakukuuliza.

Fanya majaribio mawili, hayahitaji hela.

La kwanza: washa redio kwenye FM, weka stesheni inayosikika kidogo, kisha chomoa plagi ya antena nyuma ya redio. Sikiliza mkwaruzo. Usipobadilika hata kidogo ukichomoa na ukichomeka, jua hiyo kebo haileti kitu.

La pili: chukua waya wa kawaida wa sentimita 75, menya ncha moja, uingize kwenye tundu la katikati la soketi ya antena ya redio, bila kugusa chuma cha pembeni. Ncha nyingine iinue kuelekea kioo cha mbele. Kwa nini 75? FM inatangaza kati ya 87.5 na 108 MHz. Kwenye 100 MHz wimbi lina urefu wa mita 3, na antena ya robo ya wimbi inapokea vizuri. Stesheni zikiingia, redio yako nzima, na anayetaka kukuuzia nyingine mwambie asubiri.

Kisha fungua mlango uone. Nakuwekea dau kuna kebo nyeusi imekunjwa mle ndani, plagi yake haina mwenzake.

MamaMagurudumu

Kaka pole kwa nguzo. Mimi nakujibu la kutetemeka kwa sababu nimelipitia mara 2.

Glasi ya kioo hicho haijafungwa kwa skrubu. Imebanwa na vishikizo vya plastiki kwenye sahani ya mota. Ikiwekwa haraka, vishikizo vya upande mmoja vinaingia na vya upande wa pili vinabaki juu juu. Ukisimama huoni kitu, ukikimbia inacheza. Weka kitambaa, bonyeza kwa kiganja katikati ya glasi, hapo penye sahani, mpaka usikie imelia. Usibonyeze kona, itapasuka. Kama ni asubuhi ya baridi, washa kwanza kile kipasha joto cha vioo dakika 5 hivi ili plastiki ilainike.

Ikiendelea, angalia bolti za mkono. Zangu ni 3, zimefichwa nyuma ya kava la plastiki kwenye kona ya mlango kwa ndani. Kaza kidogo kidogo kwa zamu, moja, ya pili, ya tatu, urudie. Ukimaliza moja kabisa ndipo uende nyingine, mkono unakaa upande. Na kabla hujagusa bolti hata moja ziba uwazi wa mlango kwa kitambaa, maana bolti ikitumbukia mle utang'oa paneli yote ya mlango kuitafuta. Mwenzako ashike kioo kwa nje muda wote. Ni kizito, kikining'inia kwa nyaya zake unaharibu usichokuwa umeharibu.

Jambo moja nilijifunza kwa hofu: nilibadilisha glasi ya upande mmoja, nikapewa iliyobinuka zaidi ya ya zamani. Magari yakawa yanaonekana madogo na ya mbali kuliko yalivyo, nikataka kuhama njia pikipiki ikiwa tayari ubavuni. Angalia alama iliyochorwa kwenye glasi. Kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 46, kioo kikuu cha nje kina alama II au III, na kile kidogo cha chini cha kuona pana kina IV. Linganisha na kioo cha upande wa pili, halafu simamisha gari, mtu apite nyuma yako huku na huku, uone anavyokua kwenye kila glasi.

MsafiriWaUsiku

Dada ahsante, Fundi ahsante. Narudi na majibu.

Waya wa sentimita 75: stesheni 11! Nilikaa kwenye kiti nimeushika mkononi kama mtoto na kishada, sikutaka kuuachia. Redio ni nzima.

Jaribio la kuchomoa plagi: mkwaruzo ule ule, kama ulivyosema.

Nikafungua kava la kona ya mlango. Kebo nyeusi ipo, imekunjwa mara mbili na kufungwa kwa utepe. Kioo kipya kina plagi moja tu ya nyaya za mota, kipasha joto na indiketa. Kebo ya antena hakina kabisa, na chini ya nyumba yake pale pa kihisi pana kizibo cha plastiki.

Kioo cha zamani sikukitupa. Kebo yake imekatika pale mkono ulipovunjika, imesagika kama sentimita 4. Kihisi kinaonekana kizima. Je, nihamishe vyote viwili? Au niweke fimbo juu ya paa la nyumba tumalizane?

Fundi_Waya

Kihisi hamisha bila wasiwasi. Ni nyaya mbili tu, lehemu kwa risasi, vika mpira wa kubana kwa joto, usipindie pindie na utepe peke yake kwa sababu pale maji yanaingia. Ila hakikisha kwanza nyaya zake zina mahali pa kuingia kwenye plagi ya mlangoni.

Antena ni habari nyingine. Kilichomo ndani ya kioo ni kifupi mno kuliko sentimita 75, kwa hiyo kinasaidiwa na kikuza mawimbi kinachokula umeme wa volti 12 unaopandishwa na redio ndani ya kebo ile ile. Kebo iliyosagika sentimita 4 huiungi ukaiacha hivyo. Waya wa katikati unaweza kuukamatisha, lakini ule wavu wa nje ukibaki wazi unapokea kelele za gari zima. Unaweza kupata stesheni na bado usifurahi.

Fimbo juu ya paa la fiberglasi nisingekushauri. Fimbo ni nusu ya antena, nusu ya pili ni chuma kilicho chini yake. Kwenye paa la chuma unapata nusu hiyo bure. Kwenye fiberglasi lazima utandike bati la alumini kwa ndani, kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu, na liguse msingi wa antena. Juu yake unatoboa tundu kwenye paa lisilovuja. Mimi matundu ya paa nayaogopa kuliko redio mbovu.

Iko pia ile ya kubandika kwenye kioo cha mbele kwa ndani. Inafanya kazi vizuri ikiwa kioo chako hakina utando wa chuma wa kuzuia joto la jua, na ikiwa ule mguu wake wa ethi, yaani wa kuunganisha na mwili wa gari, umegusa chuma kilichokwanguliwa rangi kwenye nguzo ya dirisha. Wengi wanaubandika juu ya rangi, kisha wanailaumu antena.

Kwa hali yako mimi ningerudi kwa muuzaji. Mpelekee namba ya chasisi na picha ya plagi zote mbili za kioo cha zamani. Omba chenye mkono mrefu, antena na kihisi. Gari lako lilijengwa hivyo na kebo yake bado ipo mlangoni inasubiri.

Kebini_Mbili

Naongeza kwa atakayesoma baadaye. Kama uliondoa redio iliyokuja na gari ukaweka nyingine, na hukugusa kioo kabisa, shida yako inaweza kuwa zile volti 12 alizotaja Fundi. Redio nyingi za kununua hazipandishi umeme kwenye kebo ya antena. Unahitaji adapta yenye waya wa bluu unaotoka kando, uunganishe na waya wa bluu wa redio unaopata umeme redio ikiwashwa. Nilikaa miezi na waya huo ukining'inia nyuma ya dashibodi. Pima kwa maltimita, plagi ya adapta inayokwenda kwenye antena, katikati na chuma cha nje: redio ikiwa imewashwa uone karibu 12.

MsafiriWaUsiku

Wakuu, kimekuja. Muuzaji alikubali kubadilisha baada ya kuona picha za plagi mbili. Nimefunga mwenyewe jana, mke wangu kashika kioo nje, kitambaa mlangoni kama dada alivyosema. Kebo ya antena iliingia ikalia. Kipimo cha joto kimerudi kabla sijawasha injini, 24. FM nimehesabu stesheni 17, na glasi haitetemeki hata kwa 100.

Limebaki moja. Jana usiku tumesimama, injini imezimwa, nikawasha taa za LED za mezani ili tule. Stesheni za mbali zikaingiwa na mkwaruzo. Mchana hazikuwa nao.

MamaMagurudumu

Hongera sana! Hilo la mwisho tulilitafuta kwa redio ndogo ya betri. Iweke kwenye masafa ya kati, AM, mahali pasipo na stesheni, upite nayo karibu na kila kitu kimoja kimoja: taa, chaja za USB, kidhibiti cha paneli za sola. Ikianza kupiga kelele umefika. Kwangu hazikuwa taa, ilikuwa chaja ya USB iliyoko kwenye saketi moja na taa, inawaka nazo.

MsafiriWaUsiku

Dada, ni chaja. Ile nyeusi ya matundu mawili juu ya sinki, redio ndogo ililia kwa mbali kabla sijaifikia. Nimeichomoa, taa zote zinawaka, na hivi ninavyoandika nasikiliza mpira, dakika ya 63.