Wiki moja Sri Lanka mwezi wa Agosti: mahekalu na fukwe

Bi Pangani (swali):
Habari zenu wanajamvi. Mimi na mume wangu tuna likizo ya wiki moja katikati ya Agosti, nasi tumeamua kuitumia Sri Lanka. Yeye anataka mahekalu ya kale, hasa ya Kandy na mapango ya Dambulla; mimi nataka bahari ya kuogelea, si ya kutazama tu. Wakala tuliyemuuliza ametupangia Kandy kwanza, kisha tushuke kusini hadi Galle na Mirissa kwa mapumziko ya ufukweni, lakini nimesoma kwamba miezi hiyo bahari ya huko huchafuka. Wenye uzoefu mnaonaje? Aidha, sisi ni Waislamu, hivyo ningependa kujua mgeni wa dini nyingine anatarajiwa kuvaa na kufanya nini ndani ya mahekalu hayo.

Nahodha Mstaafu:
Dada, wasiwasi wako una msingi. Agosti ni wakati wa kusi, na upepo huo huo unaovuma kwetu, ukishavuka ikweta, hujipinda na kuifikia Sri Lanka kutoka kusini-magharibi ukiwa umejaa unyevu wa bahari. Mvua yake huangukia pwani ya magharibi na ya kusini pamoja na miteremko ya milima ya kati. Ng'ambo ya milima hiyo, upande wa mashariki, nchi huwa kavu na bahari imetulia. Kaskazi ikiingia mambo hugeuka, na ndiyo sababu Mirissa husifiwa na watu waliokwenda kati ya Desemba na Machi.

Kwa hiyo msishuke kusini, elekeeni Trincomalee, mji wa pwani hiyo ya mashariki. Kutoka Kandy hadi Dambulla ni kilomita zipatazo 70, na kutoka Dambulla hadi Trincomalee ni kilomita 100 na ushei, tena njia yote inakwenda upande mmoja bila kurudi nyuma. Fukwe za Uppuveli na Nilaveli ziko kaskazini ya mji huo. Mbele ya Nilaveli kuna kisiwa kidogo cha Pigeon Island, ambacho ni hifadhi ya taifa. Huko mtu mwenye miwani ya kuogelea huona matumbawe na papa wadogo wenye mapezi ya ncha nyeusi, ambao humkwepa mtu kabla yeye hajawakwepa.

Wala mumeo hatakosa hekalu huko pwani. Koneswaram, hekalu la Wahindu la mungu Shiva, limekaa juu ya jabali lililosimama wima baharini, ndani ya ngome ya Fort Frederick. Wareno walilibomoa hekalu la kale katika miaka ya 1620, na hili lililopo ni la kujengwa upya. Njiani kuelekea juu mtawakuta kulungu wenye madoa wakizurura ngomeni bila hofu, na waumini wakipasua nazi kama sadaka.

Mama Yusra:
Naomba nijibu suala la adabu, kwa kuwa ndilo linalowaponza wageni wengi. Mabega na magoti yafunikwe, jambo ambalo kwako halitakuwa na taabu. Viatu huachwa nje, na mwanamume huvua na kofia. Katika Dambulla nendeni asubuhi mapema, kwani mapango yako juu ya jabali, ngazi ni nyingi, na ifikapo saa sita ule uwanja wa mawe ulio mbele yake huchoma nyayo hata watu wakaonekana wakikimbia kwa ncha za vidole. Soksi nene husaidia, na haikatazwi kuzivaa. Ndani kuna mapango matano yenye sanamu zaidi ya 150, na dari yake imepakwa michoro inayofuata kila bonde na nundu la mwamba. Msiyapitie haraka.

Msipige picha mkiwa mmeipa mgongo sanamu ya Buddha. Hili wanalichukulia kwa uzito mkubwa: mwaka 2014 mtalii mwanamke kutoka Uingereza alikamatwa na kufukuzwa nchini kwa sababu ya chale ya Buddha mkononi mwake, ingawa mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba alionewa na alipwe fidia.

Kandy, katika Hekalu la Jino, linalotunza jino linaloaminiwa kuwa la Buddha, hakuna atakayewalazimisha kushiriki ibada. Mlango wa chumba chenye kasha la jino hufunguliwa wakati wa ibada tatu za siku, na jino lenyewe halionekani, kwa hiyo mumeo asipange foleni kwa matarajio hayo. Kuhusu chakula, Trincomalee ina Waislamu wengi, na migahawa ya halali si ya kutafuta kwa tochi.

Mkaazi wa Muscat:
Nakubaliana na Nahodha kuhusu kuogelea, lakini nisingemlaumu sana wakala. Mvua ya kusini mwezi wa Agosti hainyeshi kutwa nzima, na mji wa Galle uliozungushiwa ngome na Waholanzi unastahili kutembelewa hata chini ya mwavuli. Kwa anayetaka kuingia majini, hata hivyo, mikondo ya huko wakati huo si ya kuchezea.

Mimi ningehofia zaidi Kandy. Maandamano ya Esala Perahera, yenye tembo waliopambwa na wapiga ngoma, hufanyika Julai au Agosti kwa kufuata mwandamo wa mwezi, na malazi hupanda bei mno. Tazameni tarehe kabla ya kulipia chochote. Kumbukeni pia kwamba kila siku ya mwezi mpevu ni sikukuu ya taifa, ofisi hufungwa na mahekalu hufurika watu.

Bi Pangani:
Nawashukuruni nyote. Mume wangu ameridhia Trincomalee baada ya kusoma habari za Koneswaram. Swali langu la mwisho: ndege yetu inaondoka alfajiri, je, inafaa kulala Trincomalee usiku wa mwisho?

Nahodha Mstaafu:
Haifai, dada. Ni kilomita zipatazo 250 hadi Colombo, na barabara hiyo hula saa tano au sita. Ondokeni Trincomalee asubuhi ya siku iliyotangulia, mlale Negombo, ambako uwanja wa ndege uko jirani na bajaji zinawafikisha.