Mjadala: Je, wanamichezo wa kujifurahisha wapimwe dawa za kusisimua misuli?

Hoja: Kanuni za dunia za kupambana na dawa hizo, toleo la 2021, zinamtambua mwanamichezo wa kujifurahisha. Akithibitisha hakuwa na uzembe mkubwa, adhabu yake huanzia onyo hadi miaka 2, wala si lazima jina lake litangazwe. Je, tupime kwenye mbio za mitaani na kumbi za mazoezi?

Mratibu wa mbio: Tupime, angalau washindi wa makundi ya umri. Anayetumia dawa anamnyang'anya mwenzake zawadi, hata kama ni medali tu.

Mfamasia: Ndugu mratibu, unajua kazi yenyewe? Mkojo usiopungua mililita 90, utolewe mbele ya shahidi wa jinsia moja na mpimwa: 60 chupa ya A, 30 chupa ya B ya akiba. Kisha usafirishwe hadi maabara iliyoidhinishwa. Na baada ya gharama zote hizo, kijana anayejidunga testosteroni ili ajaze fulana hatumpati, kwa sababu hashindani popote.

Huyo ndiye anayeumia. Homoni ikiingizwa kutoka nje ya mwili, ubongo huacha kuziamuru korodani: zinasinyaa, mbegu zinapungua, na akiacha sindano huweza kukaa miezi mingi bila nguvu wala hamu. Chembe nyekundu huongezeka. Zikizidi asilimia 54 ya ujazo wa damu, daktari husimamisha hata tiba halali, maana damu nzito huganda. Vidonge vingi vya jamii ya testosteroni huchosha ini. Kichupa kimoja kikichangiwa na watu kadhaa huleta homa ya ini na VVU. Dawa ya mafuta iliyojazwa kienyeji kwenye vichupa huleta jipu.

Kwa hiyo apimwe afya: shinikizo la damu, picha kamili ya damu, mafuta ya kwenye damu, na ini. Hapa wengi hukosea: ALT na AST, vimeng'enya vinavyopimwa kuchunguza ini, hupanda kwa kunyanyua vyuma tu, kwani zimo pia kwenye misuli. Iongezwe GGT, kimeng'enya kingine ambacho hakitoki kwenye misuli, ndipo ini lihukumiwe. Na amwambie daktari ukweli, la sivyo majibu yatasomwa vibaya.

Mratibu wa mbio: Vipimo vya afya naviunga mkono. Lakini mkimbiaji wa, tuseme, miaka 45 aliyeibiwa nafasi yake na mtumia dawa bado hajajibiwa.

Kocha wa mazoezi: Mwacheni mtumiaji kwanza. Kichupa anauziwa na nani? Mara nyingi ni mwalimu wake mwenyewe. Kanuni hizohizo zinamfungia msambazaji kuanzia miaka 4 hadi maisha, ila zinamfunga tu aliye chini ya shirikisho. Mwalimu wa ukumbi wa mtaani yuko nje kabisa. Leseni ya ukumbi iwekewe sharti: akikutwa anauza, ukumbi ufungwe. Hilo halihitaji chupa ya mkojo hata moja.