Mama ana kisukari na sasa anasahau sana: ni uzee tu?

BintiMuheza
Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo habari zenu. Mama yangu ana miaka 71, yuko Muheza, na kisukari anacho mwaka wa 14 huu. Presha nayo ipo. Ni fundi cherehani, sare za shule za mtaa mzima zimepita mikononi mwake. Kwa miaka miwili hivi kumbukumbu inapungua kidogo kidogo. Alianza kwa kuuliza jambo moja mara tatu. Mfungo uliopita alikata shati la mtoto, akatoa mikono mitatu. Juzi kamwita mwanangu kwa jina la kaka yake aliyefariki mwaka 1998.

Kuna na lingine. Alfajiri nyingine namkuta amekaa kitandani, kalowa jasho, anatetemeka, hanitambui, maneno hayashikani. Nikimnywesha chai ya sukari, robo saa haipiti karudi sawa. Mjomba anasema ni jini, apelekwe kwa mganga. Jirani anasema uzee. Dawa zake ni metformini na glibenklamidi, na siku hizi chakula cha usiku hakigusi kabisa, eti hana hamu.

Naumia jamani. Na mimi nina miaka 47, kitambi ninacho, presha ninayo, nimeanza kuogopa.

NesiWaSukari
Pole sana dada. Mambo uliyoandika ni mawili, yatenganishe.

La alfajiri ndilo la haraka. Jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kisha chai ya sukari inamrudisha: hiyo inafanana mno na sukari kushuka. Glibenklamidi inafanya kazi kwa saa nyingi, na figo za mzee zinachelewa kuitoa mwilini. Akiimeza akalala na njaa, usiku kucha sukari inateremka. Tafuta mashine ya kupimia sukari, hata ya kuazima, umpime palepale anapochanganyikiwa. Chini ya 4 (kwa mashine inayosoma mmol/L) imeshuka. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, halafu ale. Kama hawezi kumeza usimlazimishe, kimbizeni hospitali. Na usingoje alfajiri nyingine: kesho mpeleke kliniki na dawa zake zote kwenye mfuko, useme hali chakula cha usiku. Daktari ndiye atakayepunguza au kubadilisha.

Hili linaniuma kwa sababu tunaliona sana. Familia inapambana sukari isipande, hakuna anayeogopa ikishuka. Wazee ambao sukari yao inashuka sana, mara kwa mara, ndio pia wanaoonekana kupata zaidi ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ndiyo maana kwa mzee mwenye maradhi kadhaa, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu daktari anaweza kuridhika nacho kikiwa chini ya asilimia 8, asimkaze hadi 6.

La pili ni huko kusahau kwa polepole. Sukari na presha za miaka mingi zinaharibu mishipa midogo ya damu, ile ile tunayoihofia machoni na kwenye figo. Ubongo nao unaishi kwa mishipa hiyo. Mtu anaweza kupata viharusi vidogo asipooze hata kidole, lakini kila kimoja kinaondoka na kitu. Ila kabla hamjasema ni dimensia, yaani huo ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ombeni vipimo vya vitamini B12 (metformini ya miaka mingi huipunguza), tezi ya shingo, figo, na maambukizi ya mkojo. Haya yanavuruga akili na yanatibika. Muulize pia kama miguu inakufa ganzi.

MzeeWaHai
Huyo jirani mwambie hivi. Huku kwetu Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini wakawapima wazee zaidi ya 1,000 wenye miaka 70 na kuendelea. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Wenye dimensia walikuwa kama 6 katika kila 100. Ingekuwa uzee peke yake, sote tungekuwa nayo. Mimi nina 76. Na mjomba azungumzwe naye kwa upole, maana maneno ya jini yakitoka nje, bibi wa watu anaweza kuitwa mchawi.

Dkt_Mwanafunzi
Kwa wewe mwenye 47: umri wako ndio wenye faida kubwa. Ripoti ya mwaka 2024 ya jopo la jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na kukadiria kuwa karibu asilimia 45 ya dimensia duniani inahusiana nayo. Presha, kisukari, unene na lehemu mbaya vimo, uziwi usiotibiwa pia. Huko Marekani watu zaidi ya 9,000 wenye presha walifuatiliwa. Walioshushwa namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 walipata upungufu mdogo wa kumbukumbu kwa uchache kuliko walioishia chini ya 140. Kwa dimensia yenyewe tofauti haikuwa wazi. Meza dawa zako, dada.

BintiMuheza
Narudi baada ya wiki tatu. Alfajiri ya kwenda kliniki mashine ya kuazima ilisoma 2.8. Mikono ilinitetemeka kuliko yake. Daktari ameiondoa glibenklamidi, na B12 ilikuwa chini, anachomwa sindano. Sasa anakula uji wa dona na dagaa kabla ya kulala. Zile alfajiri hazijarudi hata moja.

Kusahau bado kupo. Aliambiwa achore saa, namba zote akazipanga upande mmoja. Nililia nikiwa nje. Lakini jana kashona vifungo vya sare, vyote sawa, nami nikamkatia kitambaa.

Mimi nimepimwa: 158 kwa 92. Nimeandikiwa dawa. Nesi, nimeze asubuhi au usiku?

NesiWaSukari
Vyovyote, mradi iwe saa ileile kila siku. Ila kama ni ile ya kukojoza, meza asubuhi, usije ukakesha chooni. Mama msalimie sana.